Mashimo ya Mfalme Sulemani: filamu ya hazina iliyopigwa kwa majirani

Mwishoni mwa mwaka 1949, msafara wa kampuni ya Kimarekani Metro-Goldwyn-Mayer, maarufu kwa herufi MGM, ulianza kuzunguka katika makoloni ya Afrika Mashariki na Kongo ya Wabelgiji. Ulibeba mahema, kamera nzito za rangi na waigizaji mashuhuri waliokuwa hawajazoea kulala chini ya chandarua. Miezi kadhaa baadaye ulirudi California na picha zilizokuja kuwa filamu King Solomon's Mines. Ilitolewa mwaka 1950, nayo ni miongoni mwa filamu za kwanza kubwa za rangi kulionyesha eneo letu la Maziwa Makuu kwa watazamaji wa dunia nzima.

Mtazamaji wa Kigali, Kampala, Bujumbura au Kisangani anayeiangalia leo hupata jambo lisilo la kawaida: wahusika wanatafuta nchi isiyojulikana na mtu yeyote, ilhali yeye anaitambua. Maporomoko yale ni Murchison, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Wacheza ngoma wale warefu walipigwa picha Astrida, mji uliopewa jina la malkia wa Ubelgiji, ambao baadaye uliitwa Butare na sasa ni Huye, kusini mwa Rwanda. Sehemu nyingine zilipigwa Machakos na Rumuruti nchini Kenya, katika Tanganyika, kwenye eneo la volkano la mashariki ya Kongo na huko Stanleyville, yaani Kisangani ya leo.

Hiyo si filamu pekee iliyotokana na hadithi hiyo. Afrika Kusini ilitengeneza filamu isiyo na sauti mwishoni mwa miaka ya 1910, Waingereza wakafuata mwaka 1937, MGM mwaka 1950, kisha kampuni ya Cannon mwaka 1985 ikiwa na sehemu ya pili yake, na hatimaye ikaja filamu ya televisheni mwaka 2004. Kila mojawapo ina mambo yake ya nyuma ya pazia, na mengi kati ya hayo yanatugusa kuliko watengenezaji wenyewe walivyodhani.

Dau la ndugu wawili

Chanzo cha yote ni riwaya ya Mwingereza Henry Rider Haggard, iliyochapishwa London mwaka 1885. Haggard alikuwa amefika Natal akiwa kijana wa miaka 19, akafanya kazi serikalini, na mwaka 1877 alikuwako Pretoria Waingereza walipoitwaa Transvaal. Aliporejea kwao alisoma sheria. Siku moja alibishana na ndugu yake kuhusu Treasure Island, riwaya ya Robert Louis Stevenson iliyokuwa ikisifiwa kila mahali. Haggard alisema haikuwa ya ajabu kiasi hicho. Nduguye akaweka dau la shilingi tano kwamba yeye asingeweza kuandika kitabu kilichokaribia nusu ya ubora wake. Haggard akakaa kitako na kuandika, na katika majuma machache tu mswada ukawa tayari.

Mchapishaji Cassell alimpa hiari mbili: kuchukua pauni 100 mara moja na kuachia haki zote, au kupata asilimia 10 ya mauzo. Haggard, ambaye hakutarajia makubwa, alikuwa karibu kuzichukua pauni 100. Kwa mujibu wa kumbukumbu zake mwenyewe, karani mmoja aliyekuwa chumbani alimnong'oneza achague asilimia, mkurugenzi alipotoka kidogo. Mabango yalibandikwa London usiku yakikitangaza kitabu hicho kuwa cha ajabu kupita vyote vilivyowahi kuandikwa, na katika mwaka wa kwanza zikauzwa nakala zipatazo 31,000. Karani yule hakuandikwa jina lake popote katika mkataba.

Kitabu kilitoka na kosa ambalo wasomaji walilinasa. Wazungu katika hadithi wanaokoa maisha yao kwa kutabiri kupatwa kwa jua, lakini mwandishi alikuwa amekwisha kueleza kwamba mwezi ulikuwa mpevu muda mfupi tu kabla ya hapo. Jua haliwezi kupatwa isipokuwa mwezi ukiwa mwandamo. Katika matoleo ya baadaye Haggard akabadili, jua likawa mwezi.

Kwa wasomaji wa Kiswahili hadithi hii ni ya zamani kuliko filamu ya MGM. Mwaka 1929 ilitoka tafsiri yenye jina Mashimo ya Mfalme Sulemani, kazi ya Frederick Johnson, mtaalamu wa lugha ambaye muda mfupi baadaye alikuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, ile iliyosimamia usanifishaji wa Kiswahili. Johnson huyohuyo aliitafsiri pia riwaya ya Stevenson, akaiita Kisiwa chenye Hazina. Kwa hiyo vitabu viwili vilivyobishaniwa na ndugu wale vilikutana tena katika Kiswahili, kwa kalamu ya mtu mmoja, na vikasomwa kwenye shule za Afrika Mashariki kwa vizazi kadhaa. Mfasiri wa leo angeandika "migodi" au "machimbo". Hata hivyo neno "mashimo" la Johnson lina faida yake: shimo ni mahali pa kuchimbwa, na pia ni mahali pa kutumbukia, na mambo yote mawili yamo katika hadithi.

Dhahabu iliyopitia Kilwa

Haggard hakuibuni hazina hiyo kutoka hewani. Maandiko Matakatifu yanataja Ofiri, nchi iliyompelekea Mfalme Sulemani dhahabu, bila kusema iko wapi. Wareno walipofika pwani ya Msumbiji katika karne ya 16 na kuona dhahabu ikishuka kutoka bara hadi bandari ya Sofala, baadhi yao walikata shauri kwamba wameipata. Mwaka 1871 mpelelezi Mjerumani Carl Mauch alifika kwenye magofu ya mawe ya Zimbabwe Kuu, akaona boriti ya mbao mlangoni, akadhani ni mwerezi wa Lebanoni. Kutokana na boriti hiyo alihitimisha kwamba jengo lilikuwa la Malkia wa Sheba.

Ukweli ulikuwa karibu na nyumbani zaidi. Dhahabu ya nyanda za juu za Zimbabwe ilifika Sofala, na biashara ya Sofala ilikuwa mikononi mwa masultani wa Kilwa, katika kusini ya Tanzania ya leo. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na kuusifu mji huo kuwa miongoni mwa miji mizuri ya ulimwengu. Sultani aliyemkuta, al-Hasan bin Sulaiman, ndiye ambaye sarafu yake ilichimbuliwa na waakiolojia katika Zimbabwe Kuu. Jina la Sulaiman, basi, limo kweli katika habari ya dhahabu ile, ila ni la baba wa sultani wa pwani ya Waswahili.

David Randall-MacIver alitamka mwaka 1905 kwamba magofu hayo yalijengwa na Waafrika. Mwaka 1929 Gertrude Caton-Thompson alichimba tena na kufikia uamuzi huohuo kwa ushahidi mzito zaidi. Hata hivyo wakati wa utawala wa walowezi wa Rhodesia, waliosimamia makumbusho na kuandika vitabu vya wageni walishinikizwa wasilitamke jambo hilo waziwazi. Hekaya ya Sulemani ilikuwa na kazi ya kisiasa ya kufanya: kama wajenzi walikuwa wageni, walowezi nao wangeweza kujiita warithi.

Robeson, mwanafunzi wa Kiswahili

Filamu ya Kiingereza ya mwaka 1937 iliongozwa na Robert Stevenson, ambaye hana udugu na mwandishi wa Treasure Island na ambaye miaka mingi baadaye aliongoza Mary Poppins. Mwigizaji wa kike, Anna Lee, alikuwa mkewe. Katika kitabu cha Haggard hakuna mwanamke wa Kizungu safarini. Filamu hii ilimwongeza mmoja, na tangu hapo hakuna mtayarishaji aliyethubutu kumwondoa.

Jina la kwanza kwenye mabango halikuwa la Mwingereza. Lilikuwa la Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji Mmarekani mweusi aliyecheza nafasi ya Umbopa, mpagazi ambaye mwishoni hudhihirika kuwa mfalme. Kwa miaka ile lilikuwa jambo la nadra. Robeson hakuichukua Afrika kama pambo: mwaka 1934 alijiandikisha katika chuo cha lugha za Mashariki na Afrika cha London, na miongoni mwa lugha alizosoma huko ni Kiswahili. Lakini kwa filamu hii hakukanyaga Afrika. Mandhari ya nje yalipigwa barani humu chini ya uongozi wa Geoffrey Barkas, naye Robeson akaimba nyimbo zake ndani ya studio Uingereza. Barkas huyo, vita vilipokuja, aliongoza kazi ya kuficha vifaru jangwani Misri kabla ya mapigano ya El Alamein. Ujuzi wa kutengeneza mandhari ya uongo haukupotea bure.

Robeson alikuwa na sababu ya kuwa mwangalifu. Miaka miwili kabla yake alikuwa ameigiza katika Sanders of the River, filamu ambayo alidhani ingetukuza utamaduni wa Kiafrika. Ilipohaririwa ikawa wimbo wa kusifu ukoloni, naye akaikana hadharani. Katika kundi la waigizaji wa ziada wa filamu ile, akiwa chifu asiye na maneno mengi, alikuwamo mwanafunzi wa Kenya aliyehitaji fedha za kujikimu: Jomo Kenyatta.

Msafara wa mwaka 1949

MGM haikuwa ngeni katika eneo hili. Miaka 20 nyuma ilikuwa imetuma kundi la kupiga Trader Horn, filamu iliyotoka mwaka 1931, ambamo Mutia Omoolu wa Kenya alipewa nafasi kubwa. Kampuni ilijifunza wakati ule kwamba safari ya Afrika ni ghali, na kwamba picha zinazobaki ni akiba: mabaki ya Trader Horn yalitumiwa katika Tarzan the Ape Man ya mwaka 1932, iliyopigwa California. Jambo hili lifaa kukumbukwa, maana litajirudia.

Kwa nafasi ya mwindaji Allan Quatermain, jina lililofikiriwa kwanza ni Errol Flynn. Inasimuliwa kwamba Flynn alipewa achague kati ya filamu hii na Kim, iliyokuwa ikipigwa India, akaichagua India kwa kuwa huko angelala hotelini. Nafasi ikaenda kwa Mwingereza Stewart Granger, na ikamfanya nyota wa Hollywood. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa James Stewart. Alilazimika kulibadili kwa sababu Hollywood ilikuwa tayari na James Stewart wake. Bibi Curtis, mwanamke anayemtafuta mumewe aliyepotea, aliigizwa na Deborah Kerr. Kitabuni anayetafutwa ni ndugu wa Bwana Curtis.

Mwongozaji wa kwanza, Compton Bennett, hakuelewana na Granger, na kazi ikamaliziwa na Andrew Marton, mzaliwa wa Hungaria. Majina yote mawili yamo katika filamu. Mpiga picha Robert Surtees alikuwa na mzigo mkubwa kuliko wao. Kamera ya Technicolor ya siku zile iliugawa mwanga kwa kioo na kuupeleka kwenye tepe tatu kwa wakati mmoja, kila moja ikichukua rangi yake. Ilikuwa kubwa mno, na ilihitaji mwanga mwingi. Kuipandisha juu ya miamba ya Murchison, ambapo mto Naili hubanwa katika ufa wenye upana wa mita 7 hivi kisha kuanguka zaidi ya mita 40, ilikuwa kazi ya wapagazi wa kweli, wakati mbele ya kamera wapagazi wa hadithi walibeba masanduku ya hadithi. Eneo hilo lilikuwa bado halijawa hifadhi ya taifa. Lilitangazwa hivyo mwaka 1952.

Filamu inaanza kwa kuuawa tembo. Mnyama yule ni wa kweli na risasi ni ya kweli, na wenziwe wanaonekana wakijaribu kumwinua. Mtazamaji wa leo anaumia kukiona kipande hicho, na ni haki aumie.

Kuna pia mambo ya kuchekesha. Katika tukio moja Bibi Curtis, aliyechoshwa na joto la porini, anazikata nywele zake ndefu kwa mkasi. Punde anaonekana amekaa juani na nywele fupi zilizotiwa mawimbi vizuri kama anayetoka saluni. Watazamaji wamekuwa wakilicheka tukio hilo tangu mwaka 1950. Mapango ya hazina, kwa upande mwingine, hayamo Afrika kabisa. Yalipigwa katika mapango ya Carlsbad, jimbo la New Mexico, Marekani.

Uamuzi mmoja wa watayarishaji uliipa filamu hii uhai kuliko nyingi za wakati wake: hakuna okestra. Hollywood ya miaka ile ilikuwa na desturi ya kumimina fidla kila simba anapotokea. Hapa kinachosikika ni ngoma, nyimbo na sauti za Waafrika wenyewe. Sehemu ya mwisho, katika makao ya mfalme Twala, inapata nguvu zake zote kutokana na hatua na miruko ya wacheza intore wa Rwanda, wakiwa wamevaa taji za nyuzi ndefu zinazofanana na shungi la simba, mikuki mikononi. Hakuna mwalimu wa dansi wa Hollywood aliyewafundisha. Ngoma hiyo ilikuwa ya makao ya wafalme wa Rwanda kwa muda mrefu kabla ya kamera kuvumbuliwa.

Majina ya waigizaji Waafrika yameandikwa katika filamu, jambo ambalo filamu nyingi za wakati huo hazikujali. Khiva, msaidizi wa Quatermain, ni Kimursi, wa Wakipsigis wa Kenya. Umbopa ni Siriaque, Gagool ni Sekaryongo, na Twala ni Baziga, wote watatu wakielezwa kuwa "wa kabila la Watusi". Kila mmoja ana jina moja tu. Siriaque huelekea kuwa Cyriaque, jina la ubatizo la Kifaransa lililoandikwa na mtu aliyelisikia tu. Granger aliondoka na mkataba mpya wa filamu. Siriaque, aliyemwigiza mfalme halali anayerudi kukidai kiti chake, hakuwa na jina kamili hata katika orodha ya waigizaji.

Filamu iligharimu karibu dola milioni 2.3 na ikaingiza karibu dola milioni 10 duniani kote. Katika tuzo za Oscar zilizotolewa mwaka 1951 Surtees alishinda kwa upigaji picha wa rangi, na Ralph E. Winters na Conrad A. Nervig wakashinda kwa uhariri. Ilikuwa pia kati ya filamu tano zilizowania tuzo kuu, iliyokwenda kwa All About Eve. Mtayarishaji Sam Zimbalist aliwaweka watu wake karibu. Surtees, Winters na Marton walikutana tena chini yake katika Ben-Hur ya mwaka 1959, Marton akiwa miongoni mwa walioongoza mashindano ya magari ya farasi. Zimbalist alifariki Roma kabla kazi haijakwisha, na tuzo ya filamu bora ikapokewa kwa niaba yake.

Zimbalist ndiye pia aliyeleta Mogambo mwaka 1953, filamu nyingine ya MGM iliyopigwa Kenya, Tanganyika na Uganda. Wamarekani waliambiwa kwamba jina hilo ni la Kiswahili na maana yake ni shauku ya mapenzi. Msomaji wa Kiswahili atatafuta sana kamusini. Limetokana na Mocambo, klabu ya usiku ya Hollywood, kwa kubadilishwa herufi moja, na neno la Kiswahili lililo karibu nalo zaidi ni mgambo, ambalo halina mahaba yoyote.

Quatermain na Indiana Jones

Katika miaka ya 1980 hadithi ilirudi kwa sababu ya mtu mwingine. Raiders of the Lost Ark ya Steven Spielberg na George Lucas, iliyotoka mwaka 1981, ilimfanya mwakiolojia Indiana Jones kuwa maarufu kila pembe. Jina Indiana lilikuwa la mbwa wa Lucas. Tukio lake linalokumbukwa zaidi, ambapo Jones anampiga risasi mtu mwenye upanga badala ya kupigana naye, lilizaliwa Tunisia kwa sababu Harrison Ford alikuwa akiumwa tumbo na hakuwa na nguvu za pambano refu lililopangwa. Wengi wamemwona Quatermain kama babu wa Jones, na ndugu Menahem Golan na Yoram Globus, binamu wawili waliomiliki Cannon, waliona kwamba babu huyo hana haki miliki ya kulipiwa.

Walikwenda Zimbabwe, nchi iliyokuwa na miaka mitano tu ya uhuru na iliyotaka kuvutia wapiga filamu. Richard Chamberlain alikuwa Quatermain, na mwigizaji ambaye hakuwa na jina kubwa bado, Sharon Stone, akawa mwenzake. Inasimuliwa kwamba Golan aliagiza aletewe "yule mwanamke wa Stone", akimkusudia Kathleen Turner wa Romancing the Stone, na wasaidizi wake wakamletea Stone mwingine. Kisa hiki ni kitamu mno hata kinatia shaka. Lisilo na shaka ni kwamba filamu mbili zilipigwa kwa mfululizo katika safari moja ili kuokoa fedha: King Solomon's Mines ya mwaka 1985, na Allan Quatermain and the Lost City of Gold, ambamo alicheza James Earl Jones. Safari katika riwaya iliyozaa filamu hii ya pili inapitia Lamu, kisha inapanda mto Tana kuelekea Mlima Kenya. Filamu haikufika Lamu hata siku moja.

Ile ya mwaka 1985 haina cha kujivunia. Mashujaa wake hutiwa katika chungu kikubwa mno pamoja na mboga, wakisubiri kuliwa na wanakijiji. Mzaha huo ulikuwa umechakaa hata wakati wa Robeson, na ulipigwa katika nchi iliyochukua jina lake kutoka kwenye magofu yaleyale ambayo Mauch alimpa Malkia wa Sheba.

Waigizaji wamekuwa wakivuka kutoka familia moja ya filamu hadi nyingine. John Rhys-Davies, Sallah wa Raiders, yumo katika filamu ya Cannon. Alison Doody wa Indiana Jones and the Last Crusade alicheza na Patrick Swayze katika filamu ya televisheni ya mwaka 2004, iliyopigwa Afrika Kusini. Sean Connery, aliyekuwa baba wa Indiana Jones mwaka 1989, alimwigiza Quatermain mzee katika The League of Extraordinary Gentlemen ya mwaka 2003, ambako anakutwa amestaafu Kenya.

Picha za Astrida zinarudi tena

Kama ilivyofanya na Trader Horn, MGM iliziweka akiba picha za mwaka 1949. Zilitokea tena katika Tarzan, the Ape Man ya mwaka 1959, na hata katika Trader Horn mpya ya mwaka 1973. Zilitumika zaidi katika Watusi, pia ya mwaka 1959, hadithi ya mwana wa Quatermain anayerudi kwenye mashimo. Waigizaji wake wakuu walibaki Marekani. Umbopa sasa aliigizwa na Mmarekani mweusi Rex Ingram, naye kila alipotazama kwa mbali, kilichoonekana ni Rwanda ya miaka 10 iliyopita. Mwongozaji Kurt Neumann alikuwa amekwisha kufariki ilipotolewa.

Jina hilo likaenda mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wa Marekani walicheza dansi iliyoitwa Watusi. Kundi The Orlons liliiimbia mwaka 1962, na Ray Barretto akatoa El Watusi mwaka uliofuata. Hata ng'ombe wa pembe ndefu wanaofugwa Marekani huitwa kwa jina hilo.

Huko Rwanda kwenyewe mwaka 1959 ulikuwa na sura nyingine. Mfalme Mutara wa Tatu Rudahigwa alifariki ghafla Usumbura, Bujumbura ya leo, tarehe 25 Julai. Mnamo Novemba machafuko yalianza, Watutsi wakauawa na kuchomewa nyumba, na maelfu wakakimbilia Uganda, Burundi, Kongo na Tanganyika. Wakati majumba ya sinema ya Marekani yakiwaonyesha kama majitu ya fahari walinzi wa hazina, wengi wao walikuwa wakivuka mipaka na vifurushi kichwani.

Picha ile ya "majitu" haikuanzia Hollywood. Mwingereza John Hanning Speke aliandika mwaka 1863 kwamba watawala wa eneo hili walitoka Ethiopia, kwa hoja ileile iliyosema kuwa Zimbabwe Kuu ilijengwa na wageni: palipo na ufalme, lazima mtu kutoka nje aliuleta. Wabelgiji waliigeuza dhana hiyo kuwa sera, na katika miaka ya 1930 wakaandika kabila kwenye vitambulisho. Filamu iliipokea tu na kuitia rangi. Mnamo Novemba 1992 mwanasiasa Léon Mugesera alisimama mkutanoni na kusema Watutsi warudishwe Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, miili ilielea katika mto huo na ule wa Kagera hadi Ziwa Viktoria. Mugesera alihukumiwa kifungo cha maisha nchini Rwanda mwaka 2016.

Wasomi wanaochunguza ngoma ya kale ya intore wanazo picha za mwaka 1949 kama moja ya kumbukumbu za rangi za wakati wa ufalme. Mnamo Desemba 2024 UNESCO iliiingiza intore katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika, ikiwa ya kwanza kutoka Rwanda.